Tundu la Alhamisi

Waya wa miiba ulikuwa umekatwa tena, na safari hii wezi walikuwa wamefunga vitambaa kwenye ncha zake, nguo zisichanike. Mkuu wa bustani, Directeur Buhendwa, aliinama akavitazama. Hatua tatu kutoka hapo, mlinzi wa bustani, Muzee Donat, alikuwa anakoroma kofia usoni, saa nne ya asubuhi.

"Muzee, banatuiba na weye unalala?"

"Leo ni Alhamisi, Directeur," Donat akasema bila kuondoa kofia, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kila Alhamisi akina mama wa kambi ya wakimbizi walipenya pale wakakwanyua vipande vya mti wa kikohozi, mti mdogo wa milima ya Masisi. Duniani ulikuwa umebaki kwenye bustani mbili tu: hii ya Lac Vert, na moja ya Ubelgiji iliyogawiwa kipande zamani. Bustani hizo zilikuwa na kanuni yao. Kipande hakitoki bila kuandikwa nani amepewa. Mpewa anaapa hatauza. Na wa mmoja ukifa, mwenzake amrudishie.

Buhendwa aliipenda kanuni hiyo, hasa muhuri wake. Mama wa kambi akija kuomba, alimuuliza anwani. Hema si anwani, akamrudisha. Mti wenyewe aliujua kwa jina la Kilatini. Mambo ya majani na matope alimwachia Donat.

Siku moja barua ikafika: wa Ubelgiji umekufa kwa baridi. Tafadhali, vipande vitatu.

Kabla hajapiga muhuri, vita vikashuka kutoka Sake. Buhendwa akavuka mpaka kwenda Gisenyi, muhuri mfukoni, godoro kichwani, na mkononi kopo la maziwa lenye udongo na mboga za mkewe Dorine, aliyekataa kusonga bila hilo.

"Bantu banakimbia na batoto, weye na mboga," akamnung'unikia njia nzima.

Waliporudi na kopo lao baada ya mwezi, miti yote ya bustani ilikuwa imekatwa kuni za kuivisha maharagwe ya askari. Hakikubaki hata kisiki. Kambi nayo ilikuwa uwanja mtupu.

Donat alikuwa pale pale kando ya tundu, kofia usoni.

"Mti umekwisha, Muzee. Dunia nzima." Buhendwa akasema. "Wezi wako balianza, askari bakamaliza. Kesho usirudie hapa."

"Kitendawili, Directeur."

"Sasa hivi?"

"Nikikificha kinapotea, nikiibiwa kinabaki."

"Sijui."

"Basi unipe muji."

"Kamata Sake."

"Sake ilishakamatwa. Leta ingine."

Donat akaketi, akachomoa ndani ya kofia kaye, daftari la shule lililokunjwa, akampa.

Yalikuwa majina arobaini ya wezi, kila moja na tarehe, namba ya hema, kiapo cha kutouza na alama ya dole gumba. Buhendwa akafunua kutoka mwisho, ukurasa hadi ukurasa. Majina thelathini na tisa yalikuwa yamepigwa mstari: amekimbia, hajulikani aliko.

Moja halikuguswa, la juu kabisa, la mwizi wa kwanza.

"Mama Dorine. Kipande kimoja, kopo ya maziwa. Ameapa. Anwani: dirisha ya jikoni, kwa Directeur."