Aliyemwandikia Askofu

Kwaya ilipoitwa mbele, alisimama mwalimu wake peke yake. Waimbaji wote thelathini walikaa tuli, wakitazama viatu vyao kama watoto ambao hawakufanya kazi ya nyumbani.

Mwalimu aliinua mikono, akaishusha, akarudi kuketi. Nyuma yake mama mmoja alisonya, tena kwa nguvu, kanisani.

Kosa la mwalimu lilikuwa moja, nalo hakulitenda. Wiki tatu kabla, mchungaji alisimama mimbarani akiwa na macho mekundu. "Wapendwa," alisema, "nahamishwa. Yuko mmoja wetu aliyemwandikia askofu niondolewe hapa. Msiniulize ni nani."

Hawakumwuliza. Walianza kutafuta wenyewe.

Na mchungaji yule hakuwa mtu wa kuondolewa. Kwa miaka ishirini na miwili alijua jina la kila mtoto na ugonjwa wa kila bibi. Mwaka wa mafuriko alimbeba mjane mgongoni, maji yakimfika kifuani. Jumamosi alionekana barazani akipiga rangi viatu vya wanawe wanne, mkewe kando yake akimsomea mahubiri ya kesho, wakicheka. Wanawake wa mtaa waliwaambia waume zao, "Mwoneni mwanaume mwenzenu."

Kumpata msaliti hakukuwa kazi ngumu. Nani alikwenda ofisini kwa askofu karibuni? Mwalimu wa kwaya, kufuata vitabu vya nyimbo. Nani aliwahi kubishana na mchungaji? Mwalimu wa kwaya, mahubiri yalipokula muda wa nyimbo. Basi, shauri likaisha hapo.

Mwalimu alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Besi kwa sababu ya sauti yake nzito. Joho la mchungaji alilishona yeye. Sasa wateja walifika dukani kwake kwa zamu.

"Naomba kitambaa changu, fundi."

"Bado sijakikata, mama."

"Ndiyo maana nimewahi. Mkono ulioandika ile barua usinishonee nguo ya ubatizo wa mjukuu."

Jioni mkewe alimwekea chakula, akamtazama asivyokula. "Baba watoto, nenda kwa huyo rafiki yako mchungaji. Akitamka neno moja tu, haya yote yataisha. Jina lako ukiliacha lichafuke hivi, sisi tutaishi na nani hapa?"

Akaenda. Mchungaji na mkewe walikuwa sebuleni wakifunga sahani kwa magazeti. Mchungaji alimkumbatia kabla hajasema kitu.

"Besi, ndugu yangu! Usiwajali hao. Wana uchungu tu."

"Hawaniamkii, Mchungaji. Waambie si mimi. Wewe wakikusikia wanaamini."

Mama Mchungaji aliweka sahani chini, akaingia jikoni, hakutoka tena.

"Nitasema neno Jumapili," mchungaji alisema, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nakuahidi."

Jumapili hiyo ilikuwa ya kuagana. Watu walijaa hadi madirishani. Mwishoni mchungaji alimwita Besi mbele, naye akaenda haraka, karibu akimbie, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze.

Mchungaji alimzungushia mkono shingoni.

"Wapendwa," alisema, na sauti ikamkatika. "Huyu ni ndugu yangu. Mimi nimemsamehe. Nawaombeni, nanyi msameheni."

Kanisa zima liliangua kilio. Besi alifungua mdomo, lakini ule mkono ulimbana shingo, na sikioni akasikia, "Tulia, ndugu yangu. Yatapita."

Watu walipanga mstari kumpa mkono. Walimsamehe mmoja mmoja, wazee kwa watoto, na kila aliyemsamehe alimwangalia kama mtu anavyomwangalia mwizi aliyetoka jela.

Nyumbani mkewe hakuvua hata kitambaa cha kichwa. "Amekusamehe nini?" aliuliza. Mkewe akauliza tena, polepole zaidi, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

Asubuhi ya Jumatatu Besi alivaa koti lake la harusi akaenda kwa askofu. Alipofika hakukubali kuketi.

"Baba Askofu, naomba kuiona barua iliyomwondoa mchungaji wetu. Simtafutii mtu ugomvi. Nataka tu nimjue huyu ambaye lawama zake nazibeba mimi. Mke wangu mwenyewe ameanza kunitilia shaka."

"Barua za watu hazitoki humu, mzee wangu."

"Najua." Lakini akasimulia yote hata hivyo: kwaya iliyokaa, vitambaa, mkono shingoni. Askofu alisikiliza huku akichezea kalamu. Kalamu ikasimama.

"Alikusamehe mbele ya watu?"

"Mbele ya kanisa zima."

"Kwa maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo, Baba Askofu. Na machozi juu."

Askofu aliiweka kalamu chini. Kisha akainuka, akafungua kabati, akapekua mafaili, akaweka karatasi moja mezani na kugeukia dirishani kama mtu asiyetaka kuona.

Besi alivaa miwani, akaipeleka karatasi kwenye mwanga.

"Hii ni mara ya tatu naomba uhamisho," mchungaji alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri. "Watu hawa nimewachoka, Baba Askofu, lakini tafadhali jambo hili libaki kati yetu: wananipenda sana, nami ningependa waendelee."