Kidole cha Tausi

Mjini kwao kila mlango, wa kuingilia na wa kutokea, ulifunguka kwa kidole kimoja tu, kile mtu alichosajiliwa nacho utotoni. Tausi alijikata ncha ya chake akikatakata mchicha.

“Nikifunga bandeji tu, nyama itaota na alama zitarudi, ila ni miezi miwili,” daktari alisema. “Nikimpasua nikabandika ngozi nyingine, wiki mbili amepona, lakini alama zake ndiyo basi tena.”

“Mpasue, asiteseke,” alidakia Shaweji, mumewe. “Milango nitamfungulia mimi.”

“Mimi nitasubiri hiyo miezi miwili,” Tausi alisema.

Lakini ridhaa haikutolewa kwa mdomo. Fomu ilitaka kidole kilichosajiliwa, na cha Tausi hakikuwa na ncha.

Shaweji akabonyeza cha kwake. Fomu ikamshukuru.