Bila Kuongeza, Bila Kupunguza

"Unamfahamu huyu mtu?" afisa aliuliza bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Simfahamu," alijibu mkalimani.

Kila mkalimani huulizwa hivyo, kwa kiapo, kabla mwomba hifadhi hajahojiwa. Jibu la uongo humfutia leseni, na kama naye ni mgeni, humfutia kibali cha kuishi. Afisa akatia alama ya vema kwenye kisanduku. Ng'ambo ya meza aliketi mwanamume ambaye mvi zilimwingia kabla ya wakati wake, koti la msaada likimpwaya mabegani. Macho yake hayakutoka kwenye jagi la maji.

Hii ilikuwa wiki ya pili ya mkalimani huyo, Kidaftari, kazini. Jina hilo alipewa na wenzake katika jiko la hoteli, alikoosha vyombo miaka minane huku kidaftari chake cha maneno magumu kikiwa kimebandikwa juu ya sinki. Mikono kwenye povu, mdomo unanong'ona: hati ya kukamatwa, kizuizini, rufaa. "We Kidaftari, sahani hiyo haina rufaa, isugue!" walimtania, na yeye alicheka nao. Jioni alikwenda chuoni, kwenye moja ya nafasi zilizotengwa kwa wajane wakimbizi, akakaa mstari wa mbele kusudi aone haya kusinzia.

Mtihani wa leseni alifeli mara mbili. Mara ya pili aliponzwa na huruma: shahidi wa kuigiza alitoa tusi zito, naye akalitafsiri kwa adabu zake zote.

"Hukuja hapa kusuluhisha watu," mtahini alimwambia. "Wewe ni bomba. Kinachoingia huku ndicho kitoke kule."

Mara ya tatu alitukana vizuri kabisa, akafaulu. Siku aliyovaa kitambulisho chenye muhuri wa leseni alijifungia chooni, akajitazama kwenye kioo mpaka watu wakaanza kugonga mlango. Hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile tangu aingie nchi hii.

Lugha yao ilikuwa na wakalimani wawili tu katika idara nzima, na mwenzake alikuwa amelazwa. Kidaftari akishindwa kufanya kazi ya leo, kwa sababu yoyote ile, mahojiano yangeahirishwa mwaka mzima, na mwanamume huyu angerudishwa kizuizini, ambako alikuwa amekaa akikohoa kwa miezi kumi na minne. Kidaftari aliyajua hayo.

"Alifungwa wapi?"

Akauliza. Mwanamume akajibu polepole, naye akatafsiri kama kanuni inavyotaka, kana kwamba yaliyosemwa yamempata mwenyewe.

"Nilifungwa kwenye ghala la pamba, miaka mitatu. Nilikuwa mwalimu. Walisema nawafundisha watoto uasi."

"Ana karatasi yoyote?"

"Sina. Ziliungua pamoja na nyumba."

"Nyumba ilichomwa mwezi gani?"

Mwanamume alisugua paji la uso. "Wa tano," alisema.

Kwenye fomu iliyokuwa mbele ya afisa, mwezi ulioandikwa ulikuwa wa sita. Kidaftari aliuona kutoka pale alipokaa. Neno moja tu, na mambo yangelingana. Lakini kinasa sauti kilikuwa mezani, taa yake nyekundu inawaka, na kila kanda husikilizwa upya na mkalimani mwingine.

"Wa tano," alitafsiri.

Afisa aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Maji yale aliyaleta yeye mwenyewe.

"Mwambie hivi. Tarehe hazilingani, na ushahidi hana. Imebaki njia moja. Akiwa na mtu wa familia anayeishi hapa kihalali, mtu huyo aje aseme aliyoyaona. Hata mmoja ananitosha. Bila hivyo, sina jinsi, anarudishwa kwao wiki hii."

Kidaftari alianza kutafsiri, akaishia katikati. Akaomba radhi, akanywa maji, akaanza upya.

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, mwanamume aliinua macho. Yakapita usoni mwa mkalimani bila kusimama, yakashuka hadi kwenye kitambulisho kifuani pake, yakatulia kwenye muhuri. Alikitazama kwa namna ya mwalimu anayesoma ripoti ya mwanafunzi wake bora.

"Mke je?" afisa alijaribu kumsaidia. "Hapo kwenye fomu pameachwa wazi."

Kidaftari akauliza.

"Nilikuwa na mke," alisema mwanamume. "Alikufa njiani, akikimbia. Hapa sina mtu."

Afisa alisubiri, kalamu mkononi. Kidaftari aliitazama taa nyekundu ya kinasa sauti. Akisema hili anaharibu, akisema lile anaharibu zaidi.

"Nilikuwa na mke," akasema hatimaye. "Alikufa njiani, akikimbia. Hapa sina mtu."

Afisa aliandika, akapiga mstari, akazima kinasa sauti. Askari aliitwa. Mwanamume alisimama mwenyewe kabla ya kushikwa mkono, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akamshukuru afisa kwa maji, na hilo nalo likatafsiriwa.

Kisha Kidaftari akageukia dirisha haraka, mumewe asije akamwona analia.