Tangi Halilali

Tangu kila ukoo ugawiwe tangi lake pale kiwandani Moshi, hatujakosa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye sherehe. Tangi tupu hula umeme sawasawa na lililojaa, ndiyo maana sheria inasema tangi halilali. Likikauka tu, ukoo utaje shughuli nyingine ili lijazwe tena.

Sisi hatulalamiki. Tumebatiza, tumeposa, tumeozesha hadi wapwa wa mbali. Harusi ya Manka, mpwa wa mwisho, ilipolimaliza tangi, kipaza sauti ambacho kiwanda kilifunga jikoni kwangu kikauliza, kwa upole wake uleule, "Shughuli gani inafuata?"

Tukatazamana. Wa kuoa na kuolewa wamekwisha.

Baba mkwe, Mzee Ndekirwa, alikuwa akimenya ndizi huku anapiga mluzi, mzima kama kijana.

"Waambie matanga," akasema.

"Ya nani, Baba?"

"Wewe waambie tu, Aikande. Wageni wasikose kinywaji."

Leo mbege imeletwa, na harufu yake tu inashibisha. Kwa desturi yetu mwenye shughuli ndiye huonja kwanza. Tulikuwa bado tunatazamana nani aonje, Baba akanyoosha mkono kuipokea kata ya mbege.