Supu ya Mzazi

Siku hizi mlango wa kila nyumba hukagua bakteria kabla ya kufunguka. Wapole hupita; wenye jeni za ukali hubaki nje pamoja na aliyewabeba.

Mama mkwe wangu, Bi Chausiku, aliniletea kuku wa supu ya mzazi. Alimnunua kwa jirani, kwa sababu kuku wake walikuwa wakifa bandani na alikuwa akiwauguza mwenyewe. Kwa kuku huyo, taa ya mlango iliwaka kijani. Kwa mikono yake, nyekundu.

"Nimenawa, mwanangu. Nimesugua mpaka kwa majivu."

"Najua, mama."

Akamweka kuku chini. Mlango ukafunguka kidogo, kuku akaingia, ukajifunga.

"Mjukuu wangu anafanana na nani?" akauliza kutoka nje.

"Na wewe, mama."

Kuku alikuwa ameshapanda kwenye kiti nilichomtandikia bibi wa mtoto.