Mlango wa Hippolyte

Hippolyte hakuwa na diplome ya chuo kikuu, hakuwa na Kiingereza, hakuwa na kompyuta mpya, na tangu Osée, kijana mpya wa ofisi, alipofika hakuwa tena na Nadège upande wake wa meza.

Kuandika programu alijifunza shule ya jioni, kisha akamfundisha Nadège. Kila asubuhi alimpakia kwenye pikipiki yake mpaka ofisini, katikati ya Bunia, na jioni akamrudisha. Kazini hakupenda majina ya nyumbani. Hata Nadège alimwita chef. Sasa Nadège alisema atatembea kwa miguu. Osée naye alitembea kwa miguu.

Vituo vya afya vya Tchomia, Aru na Djugu vilituma ripoti katika faili za XML, ambamo kila habari hukaa kati ya alama zake. Skima ndiyo kanuni: inasema nini lazima kiwemo, na kwa mpangilio gani. Charlotte, mkuu wa ofisi, alitaka mlango mmoja ambao programu zote zingepitia kuuliza kama ripoti inafuata skima. Akawaambia Hippolyte na Osée kila mmoja alete wake.

Mlango wa Hippolyte ulisimama kwenye kosa la kwanza na kujibu neno moja: Hapana. Wa Osée ulisoma ripoti mpaka mwisho, ukataja kila kosa na mstari wake.

“Ya Osée inaeleza,” Nadège alisema mbele ya wote. “Ya kwako inakataa tu, chef.”

“Sentineli wa mulango hafundishake wageni. Anafungua ao anafunga.”

“Basi atafungia inje hata mutu mwenye alisahau kitu kidogo.”

Watu walicheka. Hippolyte hakucheka. Alijua Nadège hazungumzii faili peke yake.

Siku iliyofuata alitunga ripoti mbovu kuliko zote: haina tarehe, maneno yamekaa penye tarakimu, chanjo zimetangulia jina la kituo. Aliipitisha kwenye mlango wa Osée akiomba uanguke. Haukuanguka. Ulitaja makosa yote kwa utulivu, na nyuma yake akasikia wale wawili wakichekea kitu chao, vichwa karibu karibu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ilikuwa nzuri.

Charlotte alichagua wa Osée.

Jioni Hippolyte aliwasha pikipiki, akamngoja Nadège kwenye lango. Alikuja, lakini hakupanda.

“Kama haumutaki Osée, sema ni nini inamupunguka,” alisema kwa sauti ya chini. “Kunyamaza, hapana.”

Jumamosi mchana Hippolyte alikaa mbele ya karatasi. Aliandika Hapana, akaitazama, akaikunja. Alichukua karatasi nyingine na kuandika yote yaliyopunguka, moja baada ya jingine, bila kusimama kwenye la kwanza: ng'ombe, mbuzi, mablanketi, kitenge cha mama. Kisha akajipima mabega kwa futi ya fundi, akaandika kipimo cha kostimu yake ya baba mkwe, akafunga bahasha na kuituma kwa wazazi wa Osée, waliokuwa wakingoja jibu la posa yao tangu Pasaka.