Radhi za Watu Kumi na Tisa

Wakili Fahad alikuwa amepiga magoti juu ya vipande vya rasta, katikati ya saluni moja ya Yeoville, Johannesburg, akiwa na suti yake ya kazini, akimwomba msusi amsamehe.

"Tabia, dada yangu, zile karatasi zako za ukaazi nilizichelewesha mimi. Nilikosea. Naomba radhi yako."

Wateja waligeuza vichwa vilivyosukwa nusu. Tabia alibaki na kitana mkononi.

"Miaka mitatu nakupigia simu hushiki. Leo umeota nini?"

"Anatafuta kazi ya serikali nyumbani," alieleza Kidawa, mkewe, kutoka mlangoni. "Anasafisha njia."

Tabia alicheka mpaka akakaa. "Basi inuka, wakili, unazoa nywele za watu kwa suruali ya benki. Nimekusamehe. Ukishakuwa mkubwa, simu ushike."

Kidawa alitoa orodha mkobani, akalikata jina la Tabia.

Gavana mpya, aliyechaguliwa Agosti ya mwaka uliopita, alikuwa amempendekeza Fahad awe Mwanasheria wa Kaunti, huko pwani ya Kenya walikotoka. Lakini kwanza angepigwa msasa na kamati ya Bunge la Kaunti, na tangazo lilikuwa limeshatoka gazetini: mwenye pingamizi alilete kwa hati ya kiapo, hata kwa barua pepe, kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni za Kenya. Aliyependekezwa kabla yake aliangushwa na karatasi moja tu, ya mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Fahad alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika benki ya Sandton, akikagua mikataba ya watu wengine. Alitaka kurudi kwao akiwa mtu.

Ndipo alipoikumbuka desturi ya kwao. Anayekwenda Hija hupita kwanza nyumba kwa nyumba akitaka radhi, asije akaondoka na kinyongo cha mtu mgongoni.

"Mwenzangu wa Makka anamwogopa Mungu," alimwambia Kidawa. "Mimi naogopa pingamizi. Njia ni ile ile."

Wakakaa wawili, wakaandika majina kumi na tisa. Wa nyumbani aliwapigia simu. Wa Johannesburg aliwaendea.

Woga ukamzidi hata wasiokuwa kwenye orodha akawaomba. Damien, mlinzi wa getini, alisimama wima kama amefumaniwa.

"Patron, miye ni mtu wa Bukavu! Huko kwenu sijafika hata siku moja."

"Nilikufokea mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita tu?" Damien aliuliza, na Kidawa akageuka kando kuficha kicheko.

Mgumu alikuwa Mzee Burhani, muuza vitambaa wa Fordsburg. Aliwakalisha juu ya majora, akaagiza chai, akamwacha Fahad aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Ulisema msikitini kwamba hariri yangu ni nailoni."

"Nilisema, Ami. Nisamehe."

"Ilikuwa nailoni," alisema mzee. "Lakini hukuwa na haja ya kusema msikitini." Akampa mkono. Kisha akamgeukia Kidawa. "Na wewe, mwanangu? Una cherehani yako hapa, una wateja wako. Uko radhi kung'oka?"

"Yuko radhi, Ami," alijibu Fahad.

Kidawa aliinua kikombe chake. Chai ilikuwa imekwisha, lakini alikunywa.

Alhamisi baada ya magharibi, majina yote yalikuwa yamekatwa. Fahad alijinyoosha kwenye kochi, akafumba macho kama mtu aliyetua gunia. Kidawa alikuwa anampigia pasi shati jeupe la kuvaa mbele ya kamati.

"Una hakika umemaliza?" alimwuliza.

"Kwani nani amebaki?"

Kidawa alisimamisha pasi. Alimtazama, akingoja.

"Mtu wa nje hajabaki," alisema mwishowe.

"Alhamdulillahi. Bila wewe, Mama Najma, ningewasahau nusu ya watu hawa."

Ijumaa asubuhi Kidawa alikwenda kituo cha polisi, ambako Johannesburg nzima hupanga foleni kugongewa mihuri nakala za vyeti na kuapia hati zao, bila malipo. Vyeti vya Fahad vilitakiwa na kamati Jumatatu. Foleni ilikuwa ndefu. Adhuhuri ilimkuta bado yuko huko, na alipompelekea mumewe bahasha Sandton, ilikuwa inakaribia saa tisa, ambayo Kenya ni saa kumi.

Waliondoka pamoja kurudi nyumbani. Fahad aliendesha akiimba. Saa ya garini ilipopita tisa, alipiga usukani kwa kiganja.

"Imefungwa! Umeona? Hakuna hata mmoja!"

Walikuwa wamesimama kwenye robot, taa za barabarani, simu yake ilipolia kwenye kiti. Alikuwa karani wa Bunge la Kaunti, rafiki yake wa shule, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: Pole ndugu yangu. Limeingia moja, dakika ishirini kabla ya kufungwa. Nakutumia nakala.

Robot iligeuka kijani. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na Fahad akalazimika kuondoa gari.

"Nisomee," alisema. "Haraka, Mama Najma. Ni nani huyo? Nilimkosea nini?"

Kidawa aliilaza simu kifudifudi mapajani, akasoma bila kuitazama.

"Mimi, Kidawa binti Shee, mkazi wa Johannesburg, naapa kwamba sahihi iliyo kwenye hati ya kuuzia shamba la marehemu mama yangu si yangu. Iliandikwa na mume wangu."